Jibu la Wiki Ijayo

Habari ya kifo cha mzee Senyagwa ilinikuta nakunja mashuka. Nasimamia nyumba ya wageni hapa Mikumi, vyumba tisa kando ya barabara kuu, na saa nne asubuhi, malori yakishaondoka, ndiyo saa ya mashuka. Faraja alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa vile Faraja si mtu wa kunitembelea nilijua kuna msiba kabla hajafungua mdomo. "Mzee ametutoka," akasema. "Jana alfajiri. Kesho saa nane tunamzika Kilangali." Nikampa kiti cha plastiki, nikamletea chai, akaizungusha kikombeni mpaka ikapoa. Zamani tulionana kila wiki, yeye fundi mitambo, mimi mtangazaji, mzee katikati yetu. Sasa miaka mingi ilikuwa imepita na tulikaa kama watu wanaosubiri basi. Mwishowe akasema kilichomleta. Mke wa marehemu, mama Neema, ameagiza niende niseme maneno mawili kabla ya kuzika, maana mimi ndiye niliyefanya kazi na mumewe redioni, tena mimi ndiye ninayejua kusema. Nikamtazama Faraja, naye akatazama kikombe. Lipo jambo la mwaka ule tulilolijua watu watatu, na sasa tulikuwa tumebaki wawili.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini. Ulikuwa wakati wa kila kitu kufunguliwa: maduka ya watu binafsi, marobota ya mitumba sokoni, mabanda ya video, na sasa redio, maana serikali ilikuwa imeruhusu mtu yeyote mwenye uwezo aanzishe ya kwake. Pale Kilosa mwenye uwezo alikuwa tajiri mmoja muuza mabati. Nyuma ya duka lake, mtaa wa Mabwerebwere, alikuwa na chumba cha kuwekea misumari. Akaitoa misumari, akabandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, akaziba dirisha kwa godoro la zamani, akasimamisha mlingoti uani, na hiyo ikawa redio. Chumba kilinuka kutu na godoro. Joto lake, sisemi. Nilikuwa navua viatu na kuweka miguu kwenye beseni la maji chini ya meza, na wasikilizaji wakinisifu kwa sauti tulivu wala hawakujua kuwa utulivu wenyewe ni wa miguu. Mlingoti wetu haukuwa mrefu. Tulisikika vizuri mjini na vijiji vya jirani, na huku Mikumi tulisikika kwa kubahatisha, usiku wa manane hewa ikitulia.

Mzee Senyagwa aliletwa na njaa ya kazi, kama sisi wote. Alikuwa mtu wa maabara, maisha yake yote alikuwa amepima mbegu: unyevu wake, uotaji wake, magonjwa yake. Lilipokuja punguzo la wafanyakazi akapewa barua na mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani kwake Kilangali akiwa bado ana nguvu na hana cha kupima. Akamwendea tajiri akamwambia anaweza kufundisha sayansi redioni, bure kabisa, mradi apewe saa moja. Tajiri akasema sayansi haiuzi, ila ikichanganywa na muziki labda, tena usiku ambapo hakuna matangazo ya biashara ya kuharibu. Basi tukapewa Alhamisi, saa nne hadi saa sita usiku, mimi na yeye na Faraja. Siku ya kwanza alikuja kwa baiskeli, suruali ameibana kwa vibanio vya nguo, na hotpoti ya mkewe kwenye mfuko wa rambo. Nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi, akafungua hotpoti: ugali na mlenda. "Karibu, binti," akasema. "Huwezi kueleza nyota una njaa." Tangu siku ile tulikula kwanza, watatu kwenye sahani moja ya bati juu ya meza ya maiki, na mpaka leo nikisikia harufu ya mlenda nasikia na ile milio ya kaseti Faraja akizizungusha kwa kalamu ili zisitafune umeme wa betri.

Miezi miwili ya mwanzo kipindi kilikuwa kinalaza watu. Mzee alieleza vizuri mno, polepole mno, akijisahihisha kila sentensi. Mtu anauliza kwa nini maziwa huganda, yeye anaanza na ng'ombe. Wazo la kukiokoa kipindi lilikuwa langu, na nalisema kwa sababu wengine wamekuwa wakinipa pole kana kwamba lilikuwa la mtu mwingine. Nilisema hivi: mimi niwe mjinga wa kipindi. Swali likija kwenye kadi ya salamu, mimi nalisoma, kisha hapo hapo natoa jibu langu la uongo, kwa kujiamini kabisa, namalizia, "Au siyo, mzee?" Yeye anasema, "Tutaona wiki ijayo," na Faraja anapiga muziki. Wiki nzima watu wanabishana, wanatuma kadi zao za kubahatisha, na Alhamisi mzee anatoa jibu la kweli. Mzee aliwaza sana. Akasema kuna ubaya gani, mtu akishacheka uongo atakumbuka ukweli. Isitoshe yeye mwenyewe alipenda kupata wiki moja ya kufungua vitabu vyake, alivyoviweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Hakupenda kujibu kitu kwa kukisia. "Haraka ya nini," alizoea kusema, "swali halikimbii."

Kikashika. Sijui niseme vipi kilivyoshika. Kadi zilijaa kwenye boksi la misumari. Wamasai waliokuwa wakileta ng'ombe mnadani walimtuma mwanafunzi awaandikie swali kuhusu kwato. Walimu waliuliza radi, akina mama wakauliza hamira, vijana wakauliza mambo ambayo mzee aliyasoma kimya, akayakunja, akayatia mfukoni. Mwezi mmoja tajiri akatutuma mimi na mzee Mikumi kukusanya kadi tulizokuwa tumeweka kwa mwenye mgahawa mmoja, na ndiyo siku niliyojiona mtu mashuhuri kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Tulikaa kwa mama ntilie, wali na maharage, hakuna aliyetujua. Nyuma yetu madereva wawili wa malori walikuwa wanabishana kuhusu swali la wiki ile, kwamba popo anaona au haoni. Mmoja akasema, "Yule dada amesema haoni kabisa." Mwenzake akacheka mpaka akapaliwa. "Ndugu yangu, yule dada hajui kitu. Akisema haoni, jua anaona. Mchezo wenyewe ndiyo huo." Mzee alinikanyaga mguu chini ya meza, nami nikauma midomo nisicheke. Njiani kurudi nilimwambia, unaona, watu wameshaujua mchezo wetu. Akaitikia kwa kichwa, lakini baadaye kidogo, basi likiwa limesimama likipisha nyati barabarani, akauliza, "Na asiyeujua?" Nikamwambia mzee, kila mtu anaujua.

Kila Alhamisi saa tisa alasiri tulikuwa tunakaa kuchambua kadi, mzee anachagua swali la usiku. Alhamisi ile nilichelewa. Nilikuwa kwa msusi. Akachagua peke yake: kwa nini nyota zinametameta. Nikaona litapoa. Kwa hiyo usiku, Faraja alipofungua maiki zetu, nikaliacha la nyota nikaingiza mkono kwenye boksi nikatoa kadi nyingine, bila kumwuliza mtu. Ilikuwa na mwandiko wa mtoto wa shule. Nikaisoma hewani ilivyo. Mimi mama Siwema wa Chanzuru, ni msikilizaji mpya, redio nimeazima kwa jirani. Nawasalimu wote. Swali langu, shemeji ameniletea mbegu ya mahindi ya dukani, imepakwa dawa ya rangi ya pinki. Chakula kimeisha ndani na mvua bado. Je, nikiiosha naweza kusaga tukala? Nilipofika mwisho nilishakuwa na jibu langu tayari, mdomo ulikuwa mwepesi siku zile. "Mama Siwema," nikasema, "umeuliza jepesi. Osha maji matatu. Rangi ikitoka, dawa nayo imeshatoka na imekwenda zake. Saga, pika, kula na watoto. Au siyo, mzee?"

Hakusema tutaona wiki ijayo. Alivuta maiki kwake kwa mikono miwili, akaanza, "Hapana, mama, hapana, hiyo," nami nikamwona anataka kutoa jibu, usiku ule ule, na kipindi kizima kinakufa mbele ya macho yangu. Nikamgeukia Faraja nikapitisha kiganja shingoni. Ndiyo ishara yetu ya kukata. Faraja akafunga maiki, akaachia muziki wa dansi, upande mzima wa kaseti, ile mirefu yenye magitaa yasiyotaka kwisha. "Fungua," mzee akasema. Hakupaza sauti. "Faraja, fungua, hili si la wiki ijayo." Nikamwambia mzee, tukijibu leo wiki ijayo watasikiliza nini, na watu wanajua ni utani. "Huyu ni mgeni," akasema. "Si umesoma mwenyewe?" Nikasema basi, wimbo ukiisha, nakupa dakika moja. Nilikuwa nimenuna, mtaniwia radhi, lakini nilikuwa nimenuna. Faraja akatutazama huku na huku, mkono wake juu ya swichi, akingoja mimi niitikie, kwa sababu tajiri alikuwa ameniweka mimi kuwa mkubwa wa kipindi. Wimbo ulikuwa katikati umeme ulipokatika. Ulikatika mtaa mzima, kama ulivyokuwa ukikatika mwaka ule kila usiku wa tatu, na jenereta halikuwa na mafuta. Tukakaa gizani. Mzee akapapasa meza, akatafuta kofia yake, akatoka.

Asubuhi ya Ijumaa, umeme bado haujarudi, hakurudi Kilangali. Alipanda baiskeli kwenda Chanzuru, akawa anauliza nyumba kwa nyumba, mama Siwema ni yupi. Kina mama Siwema walikuwa watatu, na kadi haikuandikwa kitongoji. Aliyemtafuta akampata saa nane mchana. Walikuwa wameshakula tangu saa sita. Yule mama alikuwa ameosha maji matano badala ya matatu, kwa uangalifu, akatwanga kwenye kinu, akawapakulia watoto kwanza. Mzee alimbeba mtoto mdogo wa kiume, Hamisi, miaka sita, akamfunga mgongoni kwa khanga ya mama yake na kukanyaga baiskeli mpaka hospitali. Haya yote nilielezwa na Faraja, aliyekwenda kuwasaidia. Mimi sikwenda. Nilikaa chumbani kwangu Mabwerebwere nikiwa nimefunga mlango kwa komeo, nikisikia mpangaji mwenzangu anapepeta mchele nje na kumwambia jirani kwamba kuna mtoto Chanzuru amelishwa sumu na redio. Jumamosi usiku Hamisi akafariki. Dada zake wawili wakapona.

Jumatatu baba wa mtoto alikuja dukani na kaka zake. Hawakupiga mtu, hawakuvunja kitu; walisimama kati ya mabati wakaomba waonyeshwe yule msichana. Tajiri akasema sipo. Nilikuwepo, nyuma, kwenye chumba cha trei za mayai, na mzee Senyagwa alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha siku zote akinitazama. Nikamwambia, mzee, watanimaliza. Akavaa kofia yake. Kisha akasema, "Wewe una miaka ishirini. Mimi chumvi nimekula ya kutosha." Akatoka nje akawaambia wale watu kwamba maneno yale ameyaandika yeye, kwamba kila ninachosema redioni ananiandikia yeye, mimi kazi yangu kusoma. Alhamisi akayarudia hewani, kutoka kwenye karatasi, taratibu, bila muziki. Akaeleza dawa ya mbegu inavyoingia ndani ya punje na kwamba haitoki kwa kuosha wala kuchemsha. Akasema kosa ni lake. Akamwomba msamaha mama Siwema kwa jina. Nami nilikuwa nimekaa pembeni yake, maiki yangu iko wazi, taa nyekundu inawaka. Ningeweza kusema. Niseme wazi, kwani kuna faida gani kuficha sasa: sikunyamaza kwa woga peke yake. Nilisikia nafuu. Nilisikia nafuu kubwa, kama mtu aliyetuliwa mzigo, na sikujiuliza mzigo wenyewe umekwenda kichwani kwa nani.

Hakurudi tena redioni. Tajiri alitaka kuendelea, alisema mji mzima unatuzungumzia, nikafanya vipindi viwili peke yangu na wa tatu nikashindwa katikati. Nikaja Mikumi kutafuta kazi yoyote isiyohitaji kusema. Habari zake zilikuwa zinanifikia kwa vipande, kupitia wasafiri. Wakulima waliokuwa wanampelekea majani ya mahindi yenye ugonjwa awaangalizie waliacha. Watoto walimwita mzee wa sumu. Aliwahi kuomba kufundisha jioni, wazazi wakakataa. Kila nilipoisikia habari kama hiyo nilijiambia nitakwenda, nitakwenda kwanza kwake, halafu Chanzuru, halafu popote, na kila mara palitokea mgeni, au mvua, au homa. Mwanadamu akitaka sababu hazikosi. Sasa nikiamka usiku hapa, malori yakibadili gia kwenye mlima, najikuta nahesabu si miaka bali ni saa ngapi za basi kutoka Mikumi hadi Kilosa, na ni chache, ni za kutia aibu.

Tulifika Kilangali saa sita, mimi na Faraja, na shada la maua ya plastiki magotini kwangu. Watu hawakuwa wengi. Turubai lilikuwa moja, na spika mbili za kukodi zikipiga kwaya. Mama Neema alikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzake, mnyonge, macho makavu. Nikapiga goti nikamwamkia, akanishika mkono tu. Kabla ya kwenda kuzika mpwa wa marehemu alisoma wasifu, kama ilivyo kawaida: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alipunguzwa. Kisha akasoma, na sauti yake ikashuka, "Marehemu aliwahi kutangaza redioni, ambako ilitokea bahati mbaya iliyopoteza uhai wa mtoto, na yeye mwenyewe aliikiri. Familia inaomba wote waliokwazwa wamsamehe." Watu wakainama. Nikaitwa. Nikachukua maiki ile, nzito, inanuka mate ya wengine, nikasema mzee alikuwa mpole. Nikasema alipenda sayansi na alipenda magitaa. Nikasema tutamkumbuka. Sauti yangu ilikuwa nzuri, namshukuru Mungu au simshukuru, ilikuwa bado nzuri, na nilipokaa mzee mmoja pembeni yangu akaniambia nimesema vizuri. Faraja hakunitazama.

Tulirudi kutoka makaburini, watu wakapanga mstari wa kunawa. Aliyesimama mbele yangu alikuwa mama wa makamo ya juu, amejifunga khanga mbili zilizopauka. Nikamwamkia. "Marahaba," akasema, akageuka. "Wewe ndiye Tatu wa redio. Sura sikuwahi kuiona, nimekujua kwa sauti. Mimi ni mama Siwema wa Chanzuru." Nikashika ukingo wa ndoo. Akaendelea kunawa kana kwamba tunaongea habari za soko. "Alikuwa anakuja kila masika, mzee huyu. Debe la mahindi ya kula, analiweka mlangoni, anakaa juani. Miaka miwili ya mwanzo sikumpa shikamoo yake. Mkubwa kama yule, anakaa kwangu nampita kama gogo. Mwaka wa tatu nikampa kiti. Baadaye nikamsamehe, mwanangu, kwa kinywa changu, akalia. Nimekuja leo maana nilitaka na wafiwa wake wajue kwamba nilimsamehe."

Sijui ni nini kilinifungua. Labda uchovu tu. Nilimwambia palepale, maji yakitiririka, mstari ukisubiri nyuma yetu. Nikamwambia kwamba hakuandika hata neno moja. Kwamba kadi yake niliitoa mimi, jibu nilibuni mimi, kwa utani. "Alipofungua mdomo akasema hapana," akauliza, "nilimsikia, halafu ukaja muziki, nikadhani ni maji tu niongeze. Nani alimkata?" Nikasema mimi. "Aliniambia ni mitambo." Nikasema haikuwa mitambo. Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja. "Kwa hiyo miaka ile namnyima shikamoo," akasema, "alikuwa anajua namnyima bure." Nikasema alijua. Nilitaka kupiga magoti, akanizuia kwa kiganja. "Usinipigie magoti. Mimi na wewe, kama nitakusamehe au sitakusamehe, sijui, nimechoka, hilo litakuja siku yake. Lakini huyu wamemzika na kosa lako." Akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa bado na maji. "Twende. Spika bado zipo."

Akanipitisha katikati ya watu waliokuwa wameanza kula, sahani magotini. Akamwambia kijana wa mitambo azime kwaya, akazima. Akaniwekea maiki mkononi akasimama hapo hapo kando yangu, hakukaa. Nilimwona Faraja ananyanyuka kule nyuma, kofia mkononi. Nikasema jina langu. Nikasema yale maneno yaliyomuua Hamisi wa Chanzuru niliyasema mimi na hayakuandikwa na mtu. Nikasema mzee alitaka kumzuia mama huyu asile, nikamfunga mdomo kwa ajili ya kipindi, kisha nikamwacha achukue kosa, nikakaa pembeni yake nikimsikiliza analichukua. Nilisema kwa sauti ndogo, ilikuwa haitoki, nusu yake nadhani ilibaki kifuani. Nilipomaliza hakuna kijiko kilichogusa sahani. Nikataka kuishusha maiki. Mama Neema, kwenye mkeka wake, hakuwa amegeuza kichwa wakati wote nilipokuwa nasema. Sasa akageuka, akanitazama, akasema bila hasira yoyote, "Rudia, Tatu. Wa nyuma hawajasikia."

Nikarudia.